Pampu ya mafuta: ipime kwanza kabla hujanunua mpya

Testa Ya Balbu:

Wakuu, salaam.

Kama kuna kifaa kinachosingiziwa kwenye gari, basi ni pampu ya mafuta. Gari limegoma kuwaka, pampu. Limekosa nguvu mlimani, pampu. Limezima kwenye foleni, pampu tena. Inanunuliwa mpya, tenki linashushwa, inafungwa, na gari linabaki na ugonjwa wake uleule kwa sababu tatizo lilikuwa relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iliyochoka au waya wa bodi (ule wa hasi) ulioota kutu chini ya siti. Msimamo wangu ni huu: pampu haihukumiwi kwa dalili. Dalili zinakuonyesha pa kuanzia, hukumu inatolewa na mita na geji ya presha.

Nazungumzia zaidi magari ya petroli ya EFI (nozeli zinazoongozwa na kompyuta ndizo zinapulizia mafuta), ambayo pampu yake ya umeme imezama ndani ya tenki. Dizeli nawaachia wenye dizeli yao, najua watakuja.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Kwenye magari mengi, ukifungua swichi bila kupiga stata, kompyuta inaiamuru relei iwashe pampu kwa sekunde 2 au 3 ili ijaze presha kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia nozeli mafuta), halafu inaizima. Itaiwasha tena ikiona injini inazunguka, na hilo inalijua kwa kusoma sensa ya krenki (inayohisi mzunguko wa injini). Huo ni usalama: gari likipata ajali na injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli barabarani. Sasa angalia hapo, ukiwa na sensa ya krenki mbovu, pampu nzima kabisa inaweza isiamke, na wewe uko bize unashusha tenki.

Hatua ya kwanza ni sikio. Zima redio na feni, fungua mfuniko wa tenki, mtu mmoja afungue swichi, mwingine asikilize karibu na mdomo wa tenki au siti ya nyuma. Utasikia mvumo mfupi, "nzzzz", kisha kimya. Usiposikia, usikimbilie kuhukumu. Yapo magari ambayo pampu haianzi mpaka upige stata (Toyota nyingi za zamani ziko hivyo), na mengine huijaza presha pale tu unapofungua mlango wa dereva, kwa hiyo ukifika kwenye swichi imeshamaliza kazi. Na ukisikia mvumo, hiyo maana yake mota inazunguka tu. Haikuambii kama inasukuma.

Ya pili ni umeme, na hapa ndipo muda mwingi unatakiwa uende.

Anza na fyuzi. Usiiangalie kwa macho tu, ipime pande zote mbili ikiwa mahali pake. Kisha relei. Kwenye relei nyingi za kawaida miguu ina namba: 30 umeme unaingia, 87 unatoka kwenda kwenye pampu, 85 na 86 ni koili yake. Chomoa relei, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi yake (A 15 inatosha kwa nyingi). Pampu ikivuma, basi pampu na waya wake viko hai, shida iko kwenye relei au kwenye amri inayotoka kwenye kompyuta. Baadhi ya magari, Ford kadhaa zikiwemo, yana swichi ya ajali ambayo hukata umeme wa pampu likigongwa, na wakati mwingine hata likitumbukia vibaya kwenye shimo. Ina kitufe juu, unakibonyeza inarudi. Kuna watu wamevutwa na breakdown kwa sababu ya kitufe hicho.

Kama kimya kinaendelea, nenda kwenye soketi ya pampu yenyewe. Mtu anachomoa soketi, anaweka mita, anaona volti 12.4, anasema "umeme upo, pampu imekufa". Mita haili umeme. Waya ukibakiwa na uzi mmoja mzima kati ya ishirini, mita bado itasoma 12.4, lakini ukiudai ampea 5 unaanguka. Kwa hiyo weka mzigo: chukua balbu ya taa kubwa ya W 55, ambayo kwa volti 12 inakula ampea 4.6 hivi, karibu sawa na pampu nyingi za EFI. Iunganishe mahali pa pampu kwa waya mrefu, iwe nje ya gari na mbali na mvuke wa petroli maana balbu hiyo inachoma, na iunge kabla mtu hajafungua swichi ili cheche isirukie karibu na tenki. Ikiwaka nyeupe, umeme ni mzima. Ikiwaka rangi ya chungwa, acha pampu, tafuta waya.

Kama pampu inazunguka lakini inashukiwa kuwa dhaifu, pima ikiwa kazini, soketi imechomekwa, ncha za mita zikiingia kwa nyuma ya soketi. Mita hasi kwenye hasi ya betri, chanya kwenye waya wa bodi wa pampu: isizidi volti 0.2 hivi. Kisha linganisha umeme unaoingia pampuni na wa betri: tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali panakula. Isipokuwa magari yenye kidhibiti cha mwendo wa pampu, hayo hupunguza umeme makusudi gari likiwa sailensi (linanguruma bila kukanyagwa mafuta), kwa hiyo yapime ukiwa umekanyaga mafuta.

Angalia pia soketi kwa macho. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia kuzunguka pini moja tu, pini yenyewe imepoteza mng'ao, ukiishika soketi imelegea kama jino la mtoto. Hapo ndipo volti zako zilipopotelea.

Ya tatu, presha. Magari mengi ya petroli ya kawaida (nozeli zinapulizia kwenye manifoldi) yanataka kati ya baa 2.5 na 4, yaani PSI 36 mpaka 58 hivi. Tafuta namba ya gari lako, usiazime ya jirani. Kama regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ina kimpira cha vakyumu, presha gari likiwa sailensi itakuwa chini kwa karibu nusu baa, na ukichomoa kimpira inatakiwa ipande palepale. Isipopanda, angalia regyuleta. Na ukichomoa kimpira hicho ukakuta kina petroli ndani, usiendelee kutafuta, ngozi ya regyuleta imepasuka.

Presha peke yake haitoshi. Pampu iliyochoka inaweza kukuonyesha baa 3 safi gari likiwa sailensi kwa sababu injini haijadai kitu. Pima na ujazo: kwa pampu nyingi, nusu lita ndani ya sekunde 30 ndiyo ya chini ya kukubalika.

Kabla hujafungua mpira wowote wa mafuta: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka ijizimie, piga stata kidogo tena, toa hasi ya betri. Kitambaa juu ya maungio, kizima moto karibu, sigara mbali. Petroli kwenye presha haimwagiki, inaruka.

Nipo, ulizeni.

---

Pedali Chini:

Mkuu shukrani. Mimi gari yangu inawaka fresh, sailensi imetulia kabisa, lakini nikianza kupanda mlima au nikitaka kuovateki inakuwa kama kuna mtu kaishika kwa nyuma. Nikiachia pedali kidogo inarudi. Imesomwa na mashine ikatoa P0171, fundi kasema pampu moja kwa moja. Niinunue?

---

Testa Ya Balbu:

Usinunue bado, kaka. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Haijasema kwa nini.

Mashine hiyohiyo iliyotoa kodi inaonyesha masahihisho ya mafuta, ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Iangalie katika hali mbili. Kama iko juu sana gari likiwa sailensi, halafu inashuka ukishikilia mizunguko 2,500, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi: mpira wa vakyumu, gasketi ya manifoldi. Kama sailensi ni ya kawaida lakini inapanda kadiri unavyokanyaga, basi ama mafuta hayatoshi au sensa ya hewa ni chafu na inadanganya kiasi cha hewa kinachoingia. Maelezo yako yanafanana na hili la pili.

Kuzitenganisha hizo mbili ni geji tu. Iunge kwenye reli, mpira wake utoke chini ya boneti bila kubanwa, geji ibandike nje ya kioo cha mbele (usiiingize ndani ya gari), mtafute mlima. Ukikanyaga mpaka chini, presha ikianguka una ushahidi dhidi ya upande wa mafuta. Ikisimama imara na gari bado halivuti, iache pampu. Safisha sensa ya hewa, na kagua ekzosi pia, katalisti (kisafisha moshi) iliyoziba inalishika gari hivyohivyo.

Na hata presha ikianguka, bado si lazima iwe pampu. Inaweza kuwa filta, au soksi (kile kichujio mdomoni mwa pampu) iliyojaa matope ya tenki, au volti. Pima volti wakati huohuo.

---

Binti Swichi:

Habari zenu. Swali la sisi tusio na geji. Gari ikilala usiku, asubuhi napiga stata ndefu sana ndiyo iwake, na ikiwaka inatetemeka kidogo halafu inakaa sawa. Mchana kutwa nikizima nikiwasha haina tatizo. Betri ni mpya.

---

Testa Ya Balbu:

Dada, kesho asubuhi fanya hivi: fungua swichi, subiri sekunde 3, funga. Fungua tena, subiri, funga. Mara ya tatu ndiyo upige stata. Ikiwaka mara moja, umejitibia na umejipima kwa pamoja: presha inavuja usiku kucha, na kwa kufungua swichi mara kadhaa umeijaza upya.

Inavuja wapi sasa? Kuna sehemu tatu. Vali ndogo ndani ya pampu inayozuia mafuta kurudi tenkini, regyuleta, au nozeli inayodondosha petroli ndani ya injini. Huko kutetemeka kwako kukiambatana na harufu ya petroli na moshi mweusi wa dakika ya kwanza, naangalia nozeli kwanza, kwa sababu mafuta yaliyodondoka yanalowesha plagi. Bila moshi wala harufu, naelekea kwenye vali ya pampu. Mwenye geji anazima gari, anaubana mpira unaotoka tenkini kwa koleo maalumu la kubania. Presha ikiacha kushuka, inayovuja ni vali. Ila kama ni paipu ya plastiki ngumu, usiibane, inapasuka.

Vali hiyo ikiwa ndiyo mbovu na gari halina shida nyingine, unaweza kuishi na mtindo wa kufungua swichi mara mbili kwa muda mrefu tu. Si dharura. Nozeli inayodondosha ndiyo ya kuharakisha, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda.

---

Nyundo Mpira:

Mnazunguka sana. Gari ikigoma piga tenki kwa chini, ikiwaka pampu imekwisha. Nimetumia njia hii miaka yote.

---

Testa Ya Balbu:

Hapo nakubaliana na wewe kwa nusu kubwa. Ndani ya mota ya pampu kuna kaboni mbili zinazokandamizwa na springi kwenye komyuteta. Zikilika zinashindwa kugusa vizuri, mota inasimama mahali pabaya na haianzi. Ukigonga inatikisika, zinagusa, inaondoka. Kwa hiyo tenki likigongwa mtu akiwa anapiga stata na gari likawaka palepale, pampu hiyo inahesabu siku zake. Ila gonga kwa ngumi au nyundo ya mpira kama jina lako, tenki la plastiki halitaki chuma.

Nusu nisiyokubaliana nayo: soketi iliyolegea juu ya tenki nayo inatikisika ukigonga. Kabla hujasema pampu imekwisha, ikamate soketi kwa mkono uichezeshe peke yake. Ikiwaka kwa kuchezesha soketi, umeokoa pampu. Halafu gari lisipowaka baada ya kugongwa, hujathibitisha chochote upande wowote.

---

Mzee wa Dizeli:

Vijana, nasoma kimya kimya lakini hapa lazima niseme. Msije mkachukua maelezo haya ya geji na kufungua mipira ya mafuta mkayapeleka kwenye dizeli za komoni reli (nozeli zote zinalishwa na reli moja yenye presha kubwa). Petroli yenu ni baa 3. Huku pampu kubwa inasukuma zaidi ya baa 1,000, nyingine zinafika 2,000. Ukipitisha kidole mahali panapovuja, mafuta yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda unakiona kidogo kama cha sindano huku ndani nyama inaoza. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakiumi. Uvujaji wa dizeli unatafutwa kwa kipande cha kadibodi, si mkono.

Upande wa presha ndogo wa dizeli, adui mkubwa ni hewa. Weka kipande cha mpira unaoona ndani kati ya filta na pampu kubwa. Ukiona mapovu yanapita, kuna maungio yananyonya hewa, na mara nyingi ni pale filta ilipobadilishwa juzi na sili haikukaa. Ile pampu ya mkono juu ya filta nayo inasema: ukiipampu ikawa ngumu na gari likawaka, kisha kesho imelegea tena, mafuta yanarudi tenkini usiku.

---

Testa Ya Balbu:

Shikamoo mzee, na asante. Niongeze kwamba onyo hilo linazihusu na petroli mpya zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda. Zina pampu mbili: ya tenkini yenye baa 4 mpaka 6 hivi, na ya pili inayoendeshwa na kemshafti, ambayo inafika baa 200 na kwenye baadhi hata 350. Hiyo ya pili inasomwa kwa mashine kupitia sensa yake ya presha, hatuifungui injini ikiwa inanguruma. Ukipata P0087, yaani presha ya reli iko chini, pima ya tenkini kwanza. Kubwa haiwezi kusukuma ambacho haijaletewa.

---

Safari Ndefu:

Yangu inazima ikishapata moto, nikiwa njiani. Nakaa pembeni nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Wawili wameshaniambia pampu, mmoja kasema sensa. Nani mkweli?

---

Testa Ya Balbu:

Wote wanaweza kuwa wakweli, ndiyo maana vipimo vinafanywa *wakati limegoma*, si baada ya kupoa. Likishapoa limeficha ushahidi.

Siku likizima, kabla hujaanza kupiga simu, piga stata uangalie mshale wa mizunguko. Kwenye magari mengi unainuka kidogo stata ikizunguka. Ukilala sifuri kabisa, shuku sensa ya krenki, hizo zina tabia ya kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Angalia na cheche za plagi. Cheche ikiwa haipo, acha kabisa habari za mafuta. Cheche ikiwepo na mshale unainuka, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka muda huohuo, tenki halipumui, na hakuna pampu mpya itakayolishinda ombwe hilo. Ukiwa hujasikia chochote, sikiliza mvumo. Hakuna mvumo na relei ni ya moto huwezi kuishika, badilishana na relei nyingine ya namba ileile, mara nyingi ya honi inafanana. Bado kimya, peleka ile balbu kwenye soketi. Balbu ikiwaka vizuri na pampu imenyamaza, hapo ndiyo natia saini: ni pampu.

Ongeza hili: unaendesha tenki likiwa karibu na E? Pampu inapozwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Ukizoea kubaki na lita mbili tatu kwenye jua kali, unaichemsha.

---

Pedali Chini:

Mrejesho wakuu. Nimempata fundi mwenye geji, tumeenda mlimani. Sailensi baa 3.0. Nikikanyaga mpaka chini inaanguka mpaka 1.7 na gari inakata. Nikajua ndiyo hiyo. Akasema ngoja tupime volti: kwenye betri 14.1, kwenye soketi ya pampu 10.2 wakati nimekanyaga! Tukafuata waya, tukafungua boksi la relei, tundu la mguu wa 87 limeungua limekuwa jeusi, relei yenyewe ukiitikisa inalia. Kaweka terminali mpya na relei. Presha sasa haishuki chini ya 2.9, na gari imerudi kuwa gari.

---

Testa Ya Balbu:

Volti nne zimepotea njiani, hapo pampu yoyote ingelala. Ungefunga mpya ingekuonyesha ahueni kidogo, ukasifu, halafu lile tundu lingemalizia kuungua. Ila siku moja ipime na ampea kwa mita ya kubania waya. Nyingi za EFI zinakula kati ya 4 na 8. Tundu huungua kwa kulegea, lakini pia huungua kama pampu inavuta kupita kiasi kwa sababu imekaza au filta imeziba. Ikiwa inavuta 10, utarudi hapa.

---

Binti Swichi:

Nimefanya kama ulivyosema, ikawaka mara moja, na haina moshi wala harufu. Kwa hiyo ni vali. Nikiamua kuibadilisha pampu, kuna kitu cha kumsimamia fundi?

---

Testa Ya Balbu:

Vipo, dada. Tenki lisiwe limejaa wakati wa kufungua, robo inatosha. Avute vumbi lote juu ya mfuniko wa pampu kabla hajaufungua, la sivyo mchanga wote unaingia tenkini. Amulike ndani kwa taa ya LED isiyo na moto. Akiona matope au maji chini, tenki lioshwe kwanza. Soksi mpya, filta mpya kama ni ya kubadilishika, na ringi mpya ya mpira ya mfuniko, ile ya zamani ikishatoka huvimba na hairudi kwenye mfereji wake. Akimaliza, afungue swichi mara tatu bila kupiga stata, amulike maungio yote, ndipo awashe. Na pampu ya zamani akupe, uondoke nayo.